Benyamini: Jina lililofuata msiba

BENYAMINI, au Benjamin kwa lugha za Ulaya, ni jina la kiume lenye asili ya Kiebrania. Limeundwa kwa maneno mawili: 'ben', yaani mwana, na 'yamin', yaani mkono wa kuume. Maneno hayo si mageni kwa Mswahili. Kiebrania na Kiarabu ni lugha za jadi moja, na kutoka Kiarabu Kiswahili kilipokea 'bin' na 'yamini', neno lenye maana ya mkono wa kulia na pia kiapo.

Kwa mujibu wa Kitabu cha Mwanzo, sura ya 35, hilo halikuwa jina la kwanza la mtoto huyo. Raheli, mkewe Yakobo, alishikwa na utungu mzito akiwa safarini kuelekea Efrathi, ndiyo Bethlehemu. Mkunga alimtuliza kwamba amepata mwana mwingine. Roho ikimtoka, Raheli alimwita mtoto Benoni. Baba yake akamwita Benyamini.

Benoni hufasiriwa kuwa 'mwana wa huzuni yangu'. Kwa sababu hiyo, wengi husema Yakobo alilifuta jina hilo ili mwanawe asibebe msiba maisha yake yote. Hata hivyo, neno 'on' la Kiebrania lina maana nyingine: nguvu. Rabi Moshe ben Nachman, mwanachuoni wa karne ya 13, alishikilia kwamba Yakobo hakulitupa jina la marehemu, bali alilifasiri kwa upande wa heri, kwani mkono wa kuume ni alama ya nguvu.

Yapo maelezo mengine. Waebrania walitaja pande za dunia wakielekea mashariki, hivyo kuume ni kusini, na Benyamini huweza kuwa 'mwana wa kusini'. Torati ya Wasamaria nayo huandika Benyamim, 'mwana wa siku', jina linalofasiriwa kuwa mtoto wa uzeeni.

Kinaya ni kwamba Kitabu cha Waamuzi huwasifu watu 700 wa kabila la Benyamini waliopiga teo kwa mkono wa kushoto bila kukosa shabaha.

Miongoni mwa Waswahili, majina kama Tabu na Shida huhifadhi kumbukumbu ya siku ya kuzaliwa. Raheli alifanya vivyo hivyo. Jina alilochagua halikumshika mtoto, lakini Maandiko yameyaweka yote mawili katika aya moja.