Pembetatu Wima, Wala Si Mraba

Hapana mkaazi wa Kolwezi aliyeyaona machimbo ya Musonoi asiyejua pembetatu ni nini, kwa hivyo sitamchosha msomaji kwa kumweleza kuwa ziko zilizo sawa kwa mbavu zote, ziko pacha na ziko guni, wala kuwa kwa pembe zake huitwa kali au butu; ninalolitetea ni jina la ile iliyobaki, yenye pembe ya nyuzi 90, ambayo waliojitwika kazi ya kututungia istilahi wameiita “pembetatu mraba”, wakaridhika.

Mraba ni murabba ya Kiarabu, itokayo katika arba'a, yaani nne, na ndugu zake ni robo na arubaini; basi asemaye pembetatu mraba amesema umbo la pembe tatu lenye pande nne, na mtoto mwenye akili ana haki ya kuuliza upande wa nne uko wapi. Katika skuli za Lualaba taabu huzidi, maana mwalimu wa hesabu aghalabu husomesha kwa Kifaransa, nacho kina neno moja, rectangle, litumikalo kwa pembetatu hii na kwa mstatili pia. Naye akikimbilia Kiswahili apate nuru, hukuta mkanganyo ule ule.

Mimi nasema pembetatu wima. Waarabu, ambao kwao tuliazima mraba, wenyewe hawakuiita hivyo: pembe hii kwao ni zawiya qa'ima, pembe iliyosimama, kutokana na qama, kitenzi kilichotupa kaimu, makamu na kiyama. Kwa upande wa Kibantu, wima ni mtoto wa ima, kusimama, mzazi wa kima na kimo, na shina hilo li hai mpaka leo katika Kibemba cha ukanda huu wa shaba, ambamo iminina ni kusimama. Madhali lugha mbili zisizo na nasaba moja zimeafikiana, sioni kamati gani iwezayo kuzikanusha.

Wapinzani wangu hudai kuwa wima ni hali ya kitu juu ya ardhi, na kwamba pembetatu ikilazwa jina hilo huanguka. Hoja hii ni dhaifu: usimamaji unaotajwa ni wa ubavu mmoja juu ya mwenziwe, na huo haubadiliki hata umbo likipinduliwa.

Ama kwa matumizi, yatosha mfano mmoja: katika mchoro wa ukuta wa shimo ulioinuka kwa nyuzi 65 toka sakafuni, mstari wa timazi ukishushwa toka ukingoni hufanya pembe wima ya nyuzi 90, pembe ya juu ikabaki 25, na pembe ya nje aionayo mchimbaji aliyesimama chini ni 115, jumla ya hizo mbili za ndani zilizo mbali nayo.

Basi na iandikwe wima vitabuni. Na mwenye hoja ya kuutetea mraba ailete kwa maandishi, nami nitaijibu.