Mafuta ya Taa na Debe Lake

Kabla ya mafuta ya taa kufika katika pwani yetu, nuru ya usiku ilikuwa ni zao la shamba: mtu alitia mafuta ya nazi au ya ufuta katika kibakuli cha udongo, akalaza utambi wa pamba ukingoni, akaridhika na mwanga usiozidi upana wa jamvi lake. Ng'ambo ya bahari, mwaka 1846, tabibu mmoja wa Kanada, Abraham Gesner, alidhihirisha mbele ya watu jinsi mafuta meupe ya kuwashia taa yanavyoweza kukenekwa kutokana na makaa ya mawe. Na ilipofika mwaka 1859, kisima cha Edwin Drake kilipotoa mafuta ghafi huko Titusville, Pennsylvania, bidhaa iliyotafutwa humo ilikuwa ni hiyo hiyo ya taa, na petroli ikahesabiwa kuwa takataka.

Na tabia za ndugu wawili hawa hazifanani. Petroli hutoa mvuke wa kushika moto hata penye baridi kali, ilhali mafuta ya taa yaliyo safi hayautoi mpaka yapate joto la nyuzi 38 hivi za sentigredi. Kwa hiyo hutulia ndani ya taa, yakapanda kwa utambi kidogo kidogo. Wachuuzi wasio na haya waliyaghushi kwa mafuta mepesi, taa zikalipuka majumbani.

Kwetu yaliletwa na wafanyabiashara wa Kimarekani, wale wale waliotuzoeza nguo ya merikani, katika masanduku ya mbao yenye madebe mawili mawili. Maskini akawasha kibatari, chenye masizi yanayoamka na mtu puani asubuhi. Mwenye nafasi akanunua chemli, ambayo jina lake ni neno la Kiingereza la dohani lililolainishwa na ndimi zetu, na kwa hakika kile kioo ni dohani, maana huvuta hewa kutoka chini hata mwali ukasimama bila moshi. Kabla ya Magharibi kioo hicho hupanguswa kwa kitambaa, na kazi hiyo humwangukia mtoto, kwa kuwa mkono wake ndio uingiao.

Lakini mimi naona kwamba debe lilitufaa kuliko yaliyokuwamo ndani yake. Mafuta yalipokwisha, wachota maji walifunga madebe mawili kwenye mti wa mzega. Mafundi bati waliyakata wakafanya vibatari, na wengine waliyakunjua wakaezekea vibanda. Nao wauza nafaka wakaliweka kando ya pishi, likawa kipimo. Hata leo, katika masoko mengi ya Tanzania, gunia la mahindi huhesabiwa madebe sita, na kijana aitaye abiria kituoni huitwa mpiga debe, ingawa akipigacho kwa kiganja ni ubavu wa basi.