Dhahabu isiyokuwepo

Jamani, leo tuache siasa kidogo tuongee kuhusu vanishi.

Charles Lindbergh alivuka Atlantiki peke yake Mei 20 na 21, 1927, New York hadi Paris, saa 33 na nusu, kwa ndege ndogo ya injini moja iitwayo Spirit of St. Louis. Mabawa yake ni ya kitambaa cha pamba kilichopakwa rangi ya fedha. Pua ni bati la alumini lililong'arishwa kwa viduara vidogo vidogo.

Mwaka 1928 ndege ilikabidhiwa kwa Taasisi ya Smithsonian, Washington. Puani zimechorwa bendera za nchi ambazo Lindbergh alizitembelea. Ili zisifutike, wahifadhi wakapaka vanishi isiyo na rangi. Nia ilikuwa njema. Lakini vanishi ikizeeka hugeuka manjano, na bati jeupe likaonekana dhahabu! Wageni kwa maelfu wameipiga picha wakidhani ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo.

Wataalamu walikusudia kuibandua. Baadaye wakaamua ibaki, kwa kuwa nayo imeshakuwa sehemu ya historia ya ndege.

Mimi naunga mkono, kwa sharti moja: mgeni aambiwe. Sisi waandishi nasi tunapaka vanishi. Kila sikukuu ya uhuru tunawapaka wazee wetu tabaka jingine, hadi tunasahau sura zao. Si lazima tuwakwangue, ila tuseme ipi ni rangi yao na ipi ni yetu.

Wenzangu mnaonaje?