Mwendo wa Aliye Mbele: Tarikhi ya Kufuatana Njiani Katika Nchi ya Kahama

Katika zama ambazo pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani kutoka bara hadi Bagamoyo, msafara wa Wanyamwezi ulikuwa na amri moja ambayo haikuhitaji kuandikwa, nayo ni kwamba hapana mtu aliyeruhusiwa kumtangulia kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Yeye ndiye aliyevaa joho jekundu na kujipamba kichwa kwa manyoya na ngozi za wanyama. Ngoma ilimfuata, na baada ya ngoma wakaja wachukuzi wa pembe, kisha wa nguo na ushanga, na nyuma kabisa akaja mwenye safari, ambaye kazi yake ilikuwa kuwahimiza wazembe na kuwazuia watoro. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyefika Kazeh, yaani Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, ameandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumpita kirangozi alichomolewa mshale katika podo lake, ukawekwa kuwa ushahidi hadi mwisho wa safari ya siku ile, ndipo akatozwa faini yake.

Njia ya kwenda Karagwe na Buganda ilitoka Tabora ikapanda kaskazini kupitia nchi hii ambayo leo ni Kahama. James Grant, mwenzake msafiri John Speke, alikaa miezi kadhaa ya mwaka 1861 huko Ukuni akiwangojea wapagazi, na haikosi alipata wasaa wa kutosha wa kujua kwamba mwendo wa msafara haukuwa milki ya tajiri aliyeugharimia, bali ulikuwa dhamana ya mtu mmoja mbele, na kila aliyemfuata alipimia hatua zake kwa mgongo wa mwenziwe. Akipunguza huyu, hupunguza na yule. Akisimama wa kwanza, wote husimama, na mizigo huegemezwa mitini. Nayataja haya kwa sababu leo, katika barabara ya lami ipitayo Kahama na kuzigusa kata zake kama Nyahanga, kazi hiyohiyo ya kupima mwendo kwa mgongo wa aliye mbele inadaiwa na mashine, na madai hayo yana historia ndefu kuliko watengenezaji wa magari wanavyopenda kukumbuka.

Mashine yenyewe chanzo chake ni kipofu. Ralph Teetor, mhandisi wa Indiana huko Marekani, alipoteza macho akiwa na umri wa miaka 5, na inasimuliwa kwamba alichoshwa na wakili wake, ambaye kila alipozungumza akiendesha gari alipunguza mwendo, na kila alipokaa kimya kusikiliza aliuongeza, hata abiria wake akawa anayumbishwa kwa kadiri ya mazungumzo. Teetor akabuni chombo cha kuushika mwendo usibadilike, akapewa hataza mwaka 1950, na mwaka 1958 kampuni ya Chrysler ikaanza kukiuza katika magari yake. Chombo hicho, ambacho madereva wetu hukiita kruzi, kilijua jambo moja tu: mwendo ulioamriwa. Habari za aliye mbele hakuwa nazo. Ilipasa kungojea hadi mwaka 1995, Mitsubishi walipotoa huko Japani gari la Diamante lenye miale ya leza ya kupima umbali, na hata hilo halikukanyaga breki, bali lilipunguza mafuta na kushusha gia. Kisha mwaka 1999 Mercedes-Benz wakaleta rada katika magari yao makubwa, na rada ile ikawa na ruhusa ya kushika breki.

Msomaji makini ameona maneno "kushusha gia". Lile gari la 1995 liliweza kushusha gia kwa kuwa gia zake zilikuwa za otomatiki. Hapo ndipo gari la manyuali lilipoachwa nje ya mlango, na kwa muda mrefu likabaki nje, hususan lile la michezo, ambalo mwenyewe hulinunua kwa mapenzi ya klachi na wenzo wa gia. Sababu si kiburi cha wenye magari peke yake. Katika kruzi ya zamani, dereva wa manyuali akikanyaga klachi chombo hujitoa papo hapo, na ni wajibu kijitoe, maana injini ikishatenganishwa na magurudumu huku mafuta yanaendelea kuingia, itapaa na kulia bila kazi. Sasa chukulia gari la gia 6 linalokwenda kilomita 100 kwa saa likiwa katika gia ya juu kabisa, na mbele yake lipo lori lililoshiba mzigo, limetoka kuvuka tuta na linajivuta kwa kilomita 30. Rada huliona lori, huondoa mafuta, hushika breki kwa adabu, na mwendo hushuka kama ulivyotakiwa. Walakin gia ya 6 haikuumbwa kwa mwendo ule, injini huanza kutetemeka, na hapana mkono wa mashine wa kuiteremsha hadi gia ya 3. Mashine inaweza kuwasha taa na kulia kengele. Kukanyaga klachi ni kwa mguu wa kushoto wa mwanadamu, na kushusha gia, katika nchi zetu zenye usukani wa kulia, ni kwa mkono wake wa kushoto.

Suluhu iliyopatikana ni ya nusu kwa nusu, nami naiona kuwa ya haki. Magari ya kawaida ya Ulaya, mathalan Volkswagen Golf, yalipewa rada pamoja na manyuali kwa sharti kwamba mwendo ukishuka chini ya kilomita 30 hivi chombo hujiuzulu, kwa kuwa gari la klachi likisimamishwa likiwa ndani ya gia injini huzimika. Dereva akibadili gia chombo humvumilia, kisha huendelea na kazi. Magari ya michezo yakaja nyuma ya hayo: Subaru BRZ ya manyuali, kwa mfano, ilipata macho ya kamera na kruzi ya kufuata katika toleo la 2024, ilhali ndugu yake wa otomatiki alikuwa nayo tangu awali. Watengenezaji walidhani mwenye kupenda gia hataki kusaidiwa. Mwenye kudhani hivyo hajapata kuendesha kutoka Dar es Salaam hadi Kahama kwa siku moja.

Afrika Mashariki ililijua gari la michezo kabla ya kuijua rada, na ililijulia vumbini. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kwa heshima ya kutawazwa Malkia Elizabeth II, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Na mnamo 1966 na 1967 mshindi alikuwa Bert Shankland wa Dar es Salaam, na gari lake Peugeot 404. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun 240Z, gari la michezo halisi, refu la pua na fupi la mgongo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akarudia ushindi kwa gari la namna ileile. Katika mbio hizo umbali baina ya gari na gari ulikuwa jambo la kufa na kupona, kwani aliyemkaribia mwenziwe alipofushwa na vumbi lake. Ndiyo maana magari yaliachiliwa moja moja, kwa nafasi ya dakika, vumbi lipate kutua. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84 yakarudi 7, na mwaka 1968 yakaondoka 93 yakarudi 7 vilevile. Hadhari yote ilikuwa katika nyayo na kiganja cha dereva, na masikio yake yalisoma injini. Hapana aliyeona kwamba pamepungua kitu.

Lakini Kahama haikufunzwa kufuatana na magari ya mbio. Ilifunzwa na malori. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilifunguliwa mwaka 1928, ikapita Isaka, ambako mzigo wa kwenda magharibi hushushwa relini na kupandishwa barabarani; baadaye Isaka ikawa bandari kavu, na malori ya Rwanda, Burundi na Kongo yakaifanya Kahama kituo cha kulala. Dhahabu ikaongeza msongamano: mgodi wa Bulyanhulu ulifunguliwa mwaka 2001, na wa Buzwagi, ulio jirani kabisa na mji, mwaka 2009, hata ukafungwa mwaka 2021. Katika barabara hiyo madereva wa manyuali walijitungia kanuni ambazo hazimo katika kitabu chochote cha Serikali. Lori likiwasha taa ya kushoto humwambia aliye nyuma kwamba njia ni nyeupe, apite. Likiwasha ya kulia humwambia astahimili, kuna kinachokuja. Matawi ya miti yaliyokatwa na kutandazwa lamini huhubiri kwamba mbele pana gari bovu. Dereva mwerevu husikia lori la mbele likishusha gia, naye hushusha kabla taa za breki hazijawaka, na huo ni utabiri ambao rada haina, kwa maana rada hujua umbali umekwisha kupungua, lakini haijui kwamba utapungua.

Kuna na mengine ambayo rada haiyajui. Macho yake yamefunzwa zaidi kuutambua mgongo wa gari. Barabara ya Usukuma ina ng'ombe wanaovuka kwa wakati waupendao, baiskeli iliyobeba magunia ya mkaa, bodaboda anayetokea pembeni bila taa, na tela lisilo na hata kioo chekundu nyuma.

Ama Serikali, yenyewe imeshughulika zaidi na kikomo cha mwendo kuliko umbali. Kenya, kwa amri za Waziri John Michuki zilizoanza kutumika mwezi wa Februari 2004, iliyalazimisha matatu kufunga vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa. Tanzania nayo imeweka kikomo cha 80 kwa mabasi na malori makubwa na 50 kwa magari yapitayo mijini, na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huyatazama mabasi ya mikoani kwa mfumo wa setilaiti. Hikima ya vyombo hivyo ni ileile ya Teetor: vinaujua mwendo, havimjui jirani. Basi linaweza kwenda 79 kwa utii kamili huku pua yake imegusana na tela.

Wala sitarajii kwamba chombo cha kufuata kitaingia Nyahanga kwa mlango wa gari la michezo. Magari hayo ni machache, na vijana wenye Toyota Altezza ya gia 6 waliiagiza kwa sababu zisizohusiana na kupumzisha mguu. Kitaingia kwa malori. Volvo walianza kuuza gia zao zinazojibadili mwaka 2001, Scania wana za kwao, na kadiri malori hayo yanavyofika mitumba kutoka Ulaya, kanyagio la klachi linatoweka na kizuizi kikubwa cha rada kinatoweka pamoja nalo. Litakalobaki na klachi kwa muda ni Howo la Kichina, ambalo ni rahisi kulinunua na fundi wa kando ya barabara hulifungua bila kompyuta. Na dereva wake, akiwa nyuma ya lori lenye rada, atalazimika kujifunza tabia ya mtangulizi asiyewasha taa ya kushoto wala ya kulia kumjulisha chochote, kwa kuwa aliyeshika mwendo humo hana habari kwamba nyuma kuna mtu.