Kuifuata Taa Bondeni: Noeli ya Luvungi

Tarehe 24 Desemba, mwenye paneli ya sola huko Luvungi ana kazi moja tangu asubuhi: kuangalia mawingu. Desemba ni mwezi wa mvua katika bonde la Ruzizi. Wingu likikaa kutwa nzima, betri haijai, na ile kamba ya taa ndogo za rangi aliyoifunga juu ya mlango itafifia kabla watu hawajarudi kutoka kwenye mkesha. Jua likitoka, mambo ni mengine. Usiku taa zitawaka nyekundu, kijani, buluu, na watoto wa majirani watakuja uani kuzitazama bila kualikwa na mtu.

Nyumba yenye taa kuvuta wageni ni jambo jipya hapa. Kutembea kuifuata taa ya sikukuu si jipya hata kidogo. Kwa miaka zaidi ya mia moja watu wa bonde hili wamekuwa wakiifuata kwa miguu. Kilichobadilika ni mahali inapowaka.

Luvungi, mashariki mwa Kongo, iko kwenye barabara ya taifa namba 5, inayounganisha Uvira na Bukavu. Anayetoka Uvira hupita Kiliba, Sange, Luberizi na Bwegera kabla ya kuifikia. Akiendelea kaskazini hukuta Katogota, kisha Kamanyola. Magharibi imesimama milima ya Wafuliiru. Mashariki unapita mto Ruzizi, na ng'ambo ni Burundi. Mahali hapa, digrii tatu hivi kusini mwa ikweta, jua huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na baada ya saa kumi na mbili na nusu jioni usiku umeshakuwa usiku.

Huko zilikoanzia taa za Noeli, majira ni ya aina nyingine. Stockholm, mwezi wa Desemba, jua hutua hata kabla ya saa tisa alasiri. Kwa Wazungu wa kaskazini, mshumaa wa Noeli ulikuwa dawa ya baridi na giza refu. Mwaka 1882, mjini New York, Edward Johnson, mshirika wa Thomas Edison, aliufunga mti wa Noeli nyumbani kwake kwa balbu 80 nyekundu, nyeupe na buluu, na kuufanya uzunguke ukiwaka. Waandishi wa habari waliitwa kuutazama. Pengine hiyo ndiyo nyumba ya kwanza duniani ambayo watu waliiendea ili kuona umeme wa Noeli. Mwaka 1920, huko Altadena, California, wafanyabiashara walitundika taa kwenye mierezi iliyopandwa kando ya barabara, na watu wakaanza kupita hapo na magari yao, polepole, wakitazama.

Bondeni taa ilikuja na wamisionari. Mapadri Weupe walifika pwani ya kaskazini ya ziwa Tanganyika mwaka 1879, wakaanzia Rumonge, upande ambao leo ni Burundi, kisha wakavuka na kufungua misheni ya Kibanga mwaka 1883. Waprotestanti walifuata: Wapentekoste wa Uswidi walifika Uvira mwaka 1921, na katika milima iliyo juu ya Luvungi wakajenga kituo cha Lemera, ambacho baadaye kilijulikana kote Kivu kwa hospitali yake. Mkristo wa kijijini alikuwa na moto wa kuni jikoni, na kama mambo yamemnyookea, kibatari chenye moshi. Misheni ilikuwa na mishumaa mingi, na baadaye karabai.

Karabai ilistahili safari. Ni taa inayotumia mafuta ya taa, iliyotengenezwa Berlin karibu na mwaka 1910, kwa mkono wa Max Graetz, na jina lake la biashara, Petromax, lilienea duniani. Haiwashwi kama kibatari. Kwanza unaipasha moto kwa spiriti, unasubiri, kisha unaipampu mpaka mafuta yawe mvuke na kukiwasha kifuko cha uzi kinachoning'inia katikati ya kioo. Kifuko hicho kikishaungua mara ya kwanza hugeuka majivu yanayoshikana: ukikigusa kwa kidole, kimekwisha. Ikishika moto, karabai hutoa mlio wa ssss usiokoma, na mwanga mweupe unaofika mpaka nyuma ya kanisa. Majira ya mvua, mwanga huo huita pia kumbikumbi, na watoto waliochoka na mahubiri hupata kazi ya kufanya. Pembeni, hori la Mtoto Yesu hupambwa kwa matawi ya mitende na majani ya migomba. Anayetaka kuona Noeli huenda huko. Taa ni moja, nayo ni ya wote.

Mwisho wa miaka ya 1950 ungetarajiwa kuleta zaidi. Ruzizi hutoka ziwa Kivu, lililo mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kumwaga maji yake ziwa Tanganyika, lililo chini zaidi kwa karibu mita 700, katika safari isiyofika hata kilomita 150. Maji yanayoshuka namna hiyo ni umeme unaosubiri mtambo. Wabelgiji walijenga kituo cha Ruzizi I karibu na Bukavu, na umeme ukaenda Bukavu na Bujumbura. Mwaka 1989 kikafuata Ruzizi II, mali ya pamoja ya nchi tatu, Kongo, Rwanda na Burundi, kinachoendeshwa na shirika la SINELAC. Mradi wa Ruzizi III, kati ya Kamanyola na Bugarama, umezungumzwa miaka mingi. Nyaya zilikimbilia miji na viwanda. Vijiji vingi vya bonde vilibaki na mto wao na vibatari vyao. Aliyekaa Kamanyola usiku aliweza kutazama ng'ambo, Rwanda, kulikokuwa na kiwanda cha saruji cha Bugarama, kilichoanza kazi mwaka 1984. Taa za wengine zilionekana bila kuvuka mpaka.

Katikati ya hayo, Noeli yenyewe ilipata mitihani. Mwezi Mei 1964 waasi wa Simba waliuteka mji wa Uvira, na bonde likawa uwanja wa vita. Katika vita taa hubadilika tabia: ile inayoita jirani inaweza kumwita pia mwenye bunduki, na watu hujifunza kuizima mapema.

Muongo uliofuata, mtihani ulitoka Kinshasa. Mwaka 1972, kwa jina la utamaduni halisi wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, rais Mobutu alipiga marufuku majina ya Kikristo. Jean na Marie wakalazimika kujitafutia majina ya mababu. Mwaka 1974 aliiondoa Noeli katika orodha ya sikukuu za taifa, na tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Mwishoni mwa mwaka huo huo shule za makanisa zilichukuliwa na serikali. Zilirudishwa mikononi mwa makanisa mwaka 1977. Ofisini Noeli haikuwa na nafasi tena. Ilibaki pale ilipokuwa tangu mwanzo: kanisani, na uani kwa mtu, sufuria ikiwa jikoni. Leo tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa tena.

Kisha ikaja zamu ya jenereta. Mwenye jenereta alikuwa na ukumbi wa video, au baa, au mashine ya kusaga, na nyakati za sikukuu mlango wake ulijaa watu. Taa ilikuwa imehama kutoka kanisani kwenda dukani, lakini watu waliifuata vilevile, safari hii kwa kulipa kidogo. Petroli ya kuendesha jenereta ilikuwa ghali. Tarehe 2 Julai 2010, huko Sange, kwenye barabara hiihii, lori la mafuta lilipinduka jioni watu wakiwa wamekusanyika kutazama mechi ya Kombe la Dunia. Wengi walikimbilia kuchota. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 230, wakiwemo waliokuwa wamekaa mbele ya televisheni.

Sola imeibadilisha hesabu hiyo. Nchini Kongo, kwa takwimu za Benki ya Dunia, ni karibu mtu mmoja tu kati ya watano anayepata umeme, na vijijini ni wachache mno. Nafasi hiyo ndiyo waliyoiona Washikala Malango na Iongwa Mashangao, Wakongo wawili waliofahamiana wakiwa wakimbizi katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kupokea waliokimbia vita vya Kivu. Mwaka 2013 walianzisha kampuni ya Altech, inayouza taa za sola na mitambo midogo ya nyumbani, ambayo mteja anaweza kuilipia kidogo kidogo. Taa ya namna hii haihitaji nguzo wala petroli. Ikishakuwepo betri, kamba ya taa za Noeli za kutoka China ni nyongeza ndogo: balbu zake za LED hula umeme kiasi kidogo sana.

Matokeo yake ni kwamba, kwa mara ya kwanza bondeni, taa ya sikukuu inaweza kuwa mahali pengi kwa usiku mmoja. Si lazima mtu aende penye taa. Anaweza kuzunguka kutoka taa hii hadi ile. Njia anayopita anaijua tangu utotoni, maana ni ileile ya Bonane, Mwaka Mpya, siku ambayo watoto huvaa nguo mpya na kuzunguka nyumba kwa nyumba wakitakia heri na kusubiri biskuti, peremende au noti ya franga.

Wengine wanaifanya ziara hiyo mbali sana. Katika mwaka wa fedha wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi 16,370 kutoka Kongo, wakiwemo watu wa Kivu, na wengi wao sasa hupita Desemba katika mitaa ambayo kila bustani inamulikwa. Picha za mitaa hiyo hufika kwa simu mpaka barabara namba 5.

Mwezi Februari 2025 Bukavu ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, kisha Kamanyola, na mstari wa mapigano ukasogea karibu na Luvungi. Taa ikarudi kupimwa kwa mizani ya zamani: iwake hadi saa ngapi, na nani anaiona. Kwenye mwaka wa utulivu, kamba iliyofungwa mlangoni kwa ajili ya Noeli haishushwi tarehe 26. Huachwa palepale ikisubiri Bonane, na asubuhi paneli hurudishwa juani.