Kigari cha mtoto kwenye njia za milima: angalia magurudumu kabla ya rangi

Msikilizaji, kuna swali linaloturudia kwa simu na kwa ujumbe kutoka Nyakatuntu, Nkwenda na hata upande wa Kayanga: je, kile kigari cha kumsukumia mtoto kinafaa kwenye njia zetu? Wengine wamekiona kwenye mitumba, wengine wametumiwa na ndugu walioko Mwanza au Dar es Salaam, na wengine wamekiona kwenye simu wanataka kuagiza. Hewani tulijibu kwa dakika chache. Hapa tunaeleza kwa nafasi, ili uweze kusoma taratibu na hata kufungua simu ukiwa mbele ya muuzaji.

Vipo vigari vinavyofaa huku. Lakini vingi vinavyouzwa havikutengenezwa kwa njia ya changarawe yenye makorongo, na msimu mmoja wa mvua unatosha kuvimaliza.

Kwanza jiulize kama unakihitaji. Mtoto mwenye afya, wa miezi kumi au mwaka mmoja, mbeleko inamtosha. Inapita kwenye migomba, inavuka daraja la miti, inapanda bodaboda, wala haipati pancha. Sioni sababu ya kutumia fedha ya kahawa kununua kigari kwa sababu tu jirani anacho. Kigari kinaanza kuwa na maana kwa bibi anayelea mjukuu huku mgongo wake ukimsumbua, kwa mama wa mapacha ambaye mmoja anakaa mgongoni na mwingine hana pa kukaa, kwa mtoto wa miaka miwili au mitatu aliye mzito wakati kliniki iko mbali, na kwa mtoto ambaye umri wa kukaa au kutembea umempita bado hajaweza. Huyu wa mwisho ana sehemu yake hapo chini. Tafadhali usiiruke.

Kwa nini vingi havifai

Vigari vyepesi vyenye vigurudumu vidogo viwili viwili kila mguu vina historia yake. Mwaka 1965 mhandisi wa ndege wa Uingereza, Owen Maclaren, ambaye alishiriki kubuni miguu ya magurudumu ya ndege ya kivita Spitfire, alibuni kigari cha aluminiamu kinachokunjika kama mwavuli. Kilikuwa na uzito wa kilo 3 hivi. Aliwafikiria watu wanaopanda ndege na kutembea kwenye lami, na kwa kazi hiyo kilikuwa kizuri sana. Vile vya bei nafuu tunavyoviona sokoni ni wajukuu wa kigari hicho.

Cha njia mbaya kilikuja baadaye, miaka ya 1980 mwanzoni, huko Marekani. Phil Baechler, mwandishi wa habari aliyependa kukimbia, alitaka kukimbia na mtoto wake, akafunga magurudumu ya baiskeli kwenye kigari. Ndipo yakaja haya ya magurudumu matatu makubwa, moja mbele na mawili nyuma. Ukikiona kwenye mitumba, simama ukiangalie vizuri.

Ukubwa wa gurudumu una sababu rahisi. Gurudumu hupanda jiwe ikiwa jiwe liko chini sana kuliko ekseli. Jiwe likikaribia kimo cha ekseli, hata usukume vipi, gurudumu litasimama. Chukua jiwe la sentimita 5, la kawaida kabisa barabarani kwetu. Gurudumu lenye upana wa sentimita 15 kutoka ukingo hadi ukingo lina ekseli kwenye sentimita 7 na nusu, kwa hiyo jiwe hilo limefika theluthi mbili ya safari. Gurudumu la sentimita 30, yaani inchi 12, ekseli yake iko kwenye sentimita 15, na jiwe lile lile ni theluthi moja tu. La kwanza litagonga na mtoto atarushwa mbele. La pili litapanda. Kwa hiyo usinunue kigari chenye gurudumu la nyuma lililo chini ya inchi 12, na la mbele lisiwe dogo sana kuliko hayo.

Kuna faida nyingine ya inchi 12 na inchi 16: ni saizi za baiskeli za watoto. Tairi na mpira wa ndani unaweza kuvipata kwa fundi baiskeli, naye anajua kuziba pancha yake. Kigari chenye saizi ya ajabu kikipasuka tairi kinageuka kiti cha kuku kulalia. Tairi la mpira mgumu lisilo na upepo halipati pancha, na kwa njia ya miiba si baya, ila humtikisa mtoto zaidi. Plastiki tupu usiichukue: huteleza kwenye tope na hupasuka ikigonga mawe.

Kisha pitisha kidole kati ya tairi na fremu. Kikipita kwa shida, udongo wetu mwekundu wa masika utajaa hapo na gurudumu halitazunguka tena. Wauzaji hawafikirii jambo hili kwa sababu hawasukumi wao.

Gurudumu la mbele na mlima

Vigari vingi vina gurudumu la mbele linalogeuka lenyewe kushoto na kulia. Sokoni, kwenye sakafu, linafurahisha. Kwenye korongo la maji linageuka kiubavu, kigari kinasimama ghafla na wewe unakiangukia. Chukua chenye kifungo au pini ya kulifunga lielekee mbele tu. Likiwa limefungwa, kona unaikata kwa kubonyeza mpini chini kidogo, mbele inainuka, unageuza. Mtu aliyewahi kusukuma baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi atazoea kwa siku moja.

Sasa tupige hesabu ya mlima. Mtoto wa kilo 12 kwenye kigari cha kilo 10 ni kilo 22. Kwenye mwinuko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10, mzigo unaokuvuta kurudi chini ni sehemu moja ya kumi, kama kilo 2 hivi, na mawe na tope huongeza. Mwinuko ukiwa mkali mara mbili ya huo, inakuwa zaidi ya kilo 4 bila kupumzika hadi juu. Bibi ataweza? Mwanamke mwenye nguvu ataweza, lakini kwa njia ya saa nzima si mchezo. Ndiyo maana uzito wa kigari chenyewe nao ni wa kuuliza: kilichozidi kilo 13 kinachosha kabla hata mtoto hajakaa.

Kushuka ndiko kwenye hatari kubwa. Lazima kuwe na kamba inayofungwa kwenye mpini na kupita kwenye kiganja chako. Kama haipo, shona ya kitambaa kigumu, fupi, ili ukiteleza kigari kisikuache. Breki ya mguu ni ya kukisimamisha kikiwa kimetulia, si ya kukipunguza mwendo kwenye mteremko. Ukisimama mlimani, kigeuze kikate mlima kwa ubavu, kisha kanyaga breki. Na pale ambapo wewe mwenyewe unashuka kwa kushika miti, mtoe mtoto, mbebe, kigari ukivute kikiwa kitupu.

Mzigo wa sokoni usiutundike kwenye mpini. Kilo 5 za maharage nyuma na mtoto mwepesi mbele ni mizani iliyolala upande mmoja, na siku utakayomwinua mtoto, kigari kitaanguka chali. Weka mzigo kwenye kikapu cha chini, kati ya magurudumu.

Mtoto mwenyewe

Mtoto ambaye bado hajaweza kukaa peke yake haketi wima kwenye kigari. Shingo na mgongo wake havijawa tayari, na kichwa kikidondokea kifuani anaweza kushindwa kupumua. Kama kiti hakilali karibu chali, mbeleko inabaki njia salama. Chagua mkanda unaopita mabegani mote, kiunoni pande zote, na katikati ya mapaja. Ule wa kiunoni tu hauzuii mtoto kuchomoka kwenye mteremko.

Jua likiwaka, watu hufunika kigari chote kwa kitenge. Hewa haipiti, joto hupanda haraka ndani humo. Kivuli kiwe juu tu, pembeni pabaki wazi, hata kama vumbi litaingia kidogo.

Kabla ya kutoa fedha

Usikijaribu dukani. Omba mfuko wa unga wa kilo 10, ufunge kwenye kiti kwa mkanda, toka nacho kwenye changarawe. Sukuma, vuka mtaro, panda kilima kilicho karibu. Muuzaji akikataa, nawe una jibu lako.

Kunja na ukunjue mara kadhaa, usikilize kama kifungo kinashika. Angalia viungio. Mwaka 2009 kampuni ya Maclaren ilitangaza vigari karibu milioni moja nchini Marekani virekebishwe, baada ya watoto kukatwa ncha za vidole kwenye viungio wakati wa kukunjua. Mitumba inatoka kokote, kwa hiyo mtoto awe mbali unapokunja na unapokunjua, kigari cha kampuni yoyote.

Kingine: beba sumaku. Spika ya redio mbovu inayo. Ikinata kwenye fremu, hicho ni chuma. Kitashika kutu, lakini kikivunjika fundi wa kuchomelea wa senta ataweza kukiunga. Isiponata, ni aluminiamu, nyepesi kweli, ila mafundi wengi wa kawaida hawana vifaa vya kuiunga. Mimi kwa huku ningechukua chuma kwa ajili ya njia fupi, na aluminiamu pale tu ambapo haina ufa hata mmoja.

Bei hatutaji, kwa kuwa hakuna mitumba miwili yenye bei moja. Ila ongeza kwenye hesabu yako tairi la akiba na mipira miwili ya ndani.

Kama mtoto hakai au hatembei

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani, karibu watoto wote wenye afya huwa wamekaa bila kushikwa wakitimiza miezi 9 hivi, na wametembea peke yao wakifika miezi 17 au 18. Mtoto aliyepita hapo bila kuweza, au aliyekakamaa, au aliye mlegevu kama kitambaa, apelekwe kliniki kabla ya kununuliwa chochote. Huenda ni mtindio wa ubongo, huenda ni jambo jingine. Mazoezi yakianza mapema husaidia.

Tunasema hivi kwa sababu tunajua yanayotokea. Mtoto anabebwa mgongoni mpaka miaka mitano, sita. Siku moja mama hawezi tena, na tangu siku hiyo mtoto haonekani njiani, wala kanisani, wala shuleni. Familia ikipata kigari cha mtumba, inamweka humo, inamjazia nguo pembeni na kumfunga kwa kanga. Kumfikisha hospitali kwa namna hiyo kunaeleweka. Lakini akishinda humo kila siku amelala upande, uti wa mgongo hupinda, nyonga huharibika, na chakula humpalia.

Anachohitaji ni kiti mwendo kilichopimwa kwa mwili wake. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2008 unaeleza kiti kinachofaa kuwa ni kile kinachokidhi mahitaji ya mtu na mazingira yake, kinachomkaa sawa na kuushikilia mwili, kilicho salama, na kinachoweza kutengenezwa humu humu nchini kikiharibika. Vipo vya magurudumu matatu, la mbele likiwa limesogezwa mbali, kwa ajili ya njia mbaya kama zetu. Wataalamu wa viti hivi wanafundishwa hapa hapa Tanzania, katika chuo cha TATCOT kilichopo KCMC, Moshi.

Huna haja ya kuanzia Moshi. Anza na zahanati yako ukiwa na kadi ya kliniki, omba rufaa ya huduma za utengamao. Hospitali ya Nyakahanga iko Karagwe, na huko huko kuna mpango wa utengamao wa kijamii unaojulikana kama KCBRP. Waeleze njia ilivyo kutoka nyumbani hadi barabarani: mlima, tope, upana. Ukiweza, piga picha kwa simu uwaonyeshe. Kiti kilichochaguliwa bila kuiona njia hiyo huishia kukaa ndani.

Kukitunza

Kikirudi na tope, osha siku hiyo hiyo, kausha, tone la mafuta kwenye ekseli na kwenye kiungio cha gurudumu la mbele. Kagua spoki na nati kila wiki, maana changarawe hulegeza. Kuhusu upepo, soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi, usiizidi. Tairi la inchi 12 lina nafasi ndogo ya hewa, na mashine ya upepo ya magari hulijaza kupita kiasi kwa sekunde chache likapasuka mkononi. Tumia pampu ya mkono ya baiskeli.