Kunakili Chui wa Tingatinga

Ulaya, mwanafunzi wa uchoraji aliingia Louvre na kunakili kazi za mabingwa wa zamani. Sisi wa mwambao tulinakili chui. Fundi wangu hapa Bagamoyo aliniwekea chui mbele yangu, akasema, "Mtoe huyu kwanza, kijana. Wako atakuja baadaye."

Njia hiyo tumeirithi kwa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968. Turubai hakuwa nalo; alitumia vipande vya hadibodi na rangi ya mafuta ya dukani. Jamaa zake, akina Simon Mpata, Ajaba Abdallah Mtalia na January Linda, walijifunza kwa kukaa naye na kuiga. Alipouawa kwa risasi ya polisi mwaka 1972, hao ndio waliobaki na mkono wake.

Unapaka mandhari kwanza, unaacha ikauke kabisa, ama sivyo nyeusi itachafua njano. Kisha umbo, kisha madoa, moja moja, kwa ncha ya brashi. Hapo kwenye madoa ndipo wachoraji wawili wa chui mmoja huachana.

Si kila mwalimu aliyeamini kuiga. Chuoni Makerere, Uganda, mwalimu wa sanaa Margaret Trowell hakutaka wanafunzi wake waige Wazungu. Mchoraji Sam Ntiro alipita mikononi mwake. Namheshimu mama yule, ila wanafunzi wake hawakudaiwa kodi ya chumba. Chui wa kunakili ananunuliwa hata rangi haijakolea.